Mungu kwanza, na familia je? Tuzungumze bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa

#1 (Mleta uzi)

Bwana Yesu asifiwe, wakuu. Wasio wa imani hii nao karibuni, mradi tusitukanane.

Kuna orodha ambayo wengi wetu tumeimeza tangu Shule ya Jumapili: Mungu kwanza, familia ya pili, kanisa na kazi baada ya hapo, wewe mwenyewe mwisho. Utaisikia kwenye semina za ndoa na kwenye mahubiri ya harusi. Sina ugomvi na nafasi ya kwanza. Ugomvi wangu ni kwamba orodha yenyewe inamfanya Mungu aonekane kama mmoja wa wanaogombania saa zako, yuko kwenye foleni moja na mwajiri wako. Ukimpa jioni yako, umemnyang'anya mwanao. Ukimpa mwanao, umemwibia Mungu. Mtu akishaingia kwenye hesabu hiyo hatoki salama. Ama atakuwa mkali nyumbani kwa jina la Mungu, ama atamwonea Mungu haya kila anapokaa na watoto wake.

Angalia inavyokwenda. Mtu ana kikundi cha maombi Jumatatu, mazoezi ya kwaya Jumatano, kikao cha wazee Alhamisi, mkesha Ijumaa, usafi wa kanisa Jumamosi. Jumapili ndiyo usiseme. Mkewe anaijua ratiba ya mumewe kwa kusikiliza matangazo ya ibada, kama muumini mwingine yeyote. Akilalamika anajibiwa, "Mimi kwangu ni Mungu kwanza." Hapo atabishana na nani? Jibu hilo linafunga kila mdomo, na nadhani ndiyo sababu linapendwa.

Yesu aliwahi kukutana na jibu la namna hiyo. Someni Marko 7:9-13. Mtu alikuwa anatangaza kwamba mali yake ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, halafu baba na mama wakihitaji msaada wanaambiwa pole, kile ambacho kingewafaa kimeshakuwa cha Mungu. Kwa nje ni uchaji wa hali ya juu kabisa. Yesu hakuwasifu kwa kumtanguliza Baba yake. Aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Aliyeamuru "Waheshimu baba yako na mama yako" ndiye huyo huyo aliyekuwa analetewa ile mali, na hakuitaka kwa njia hiyo.

Najua kuna watakaosema nalainisha injili, kwa hiyo nihamie upande wa pili kabla hamjanirukia. Wapo ambao familia imewatoa kwa Mungu kabisa, na bado wanakaa viti vya mbele. Mfano wao ni kuhani.

Fungua 1 Samweli. Katika sura mbili za kwanza, wazazi wawili wanapishana pale Shilo, palipokuwa na nyumba ya Bwana. Wa kwanza ni Eli. Wanawe, Hofni na Finehasi, walikuwa makuhani chini yake. Nyama ya dhabihu ya watu ikiwa inachemka, mtumishi wao anakuja na uma wa meno matatu, anauchoma chunguni, na chochote kinachoinuka na uma ni chao. Ikafika mahali hata hilo halikuwatosha. Wakataka nyama mbichi kabla mafuta hayajateketezwa kwa Bwana, na mwenye dhabihu akisema ngoja kwanza, anaambiwa: toa sasa, la sivyo tutaichukua kwa nguvu. Tena walikuwa wanalala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema.

Eli alijua yote. Watu husahau kwamba aliwaonya. Sura ya 2, mstari wa 23 mpaka 25, kuna maneno yake, na ni maneno mazuri. Ila hakuwaondoa kwenye kazi. Mungu akamuuliza kwa nini anawaheshimu wanawe kuliko Yeye, na katika swali hilo hilo baba anajumlishwa na watoto: wote wamejinenepesha kwa sehemu bora za sadaka. Nyama iliyoporwa ilifika mezani kwa mzee pia. Sura ya 4 inapoeleza jinsi alivyoanguka kutoka kitini na kufa, inataja kwamba alikuwa mzee, tena mzito. Mwandishi wa Biblia hakuliweka hilo kwa bahati mbaya.

Mzazi wa pili ni Hana. Huyu alilia apewe mtoto, akaweka nadhiri kwamba akipewa atamtoa kwa Bwana. Akajifungua Samweli. Wakati wa safari ya kila mwaka ya kutoa dhabihu ulipofika, hakwenda. Alimwambia mumewe atabaki mpaka mtoto aachishwe kunyonya, na Elkana akamjibu afanye aonavyo vema. Hebu litafakarini hilo. Mama mwenye imani kuliko kuhani wa zama zake anakosa ibada kuu ya mwaka kwa sababu ananyonyesha, na Biblia haimkaripii hata kwa nusu mstari. Mtoto alipoacha kunyonya akampeleka na kumwacha huko, kama alivyoahidi. Na kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea.

Ungewapima hawa wawili kwa saa walizokaa nyumbani mwa Bwana, Eli angeshinda kwa mbali. Alikuwa hapo maisha yake yote. Tofauti yao ilikuja kuonekana siku ambayo Mungu alitaka jambo moja na mapenzi ya mzazi yakataka lingine. Hana aliachia, Eli hakuachia.

Na siku kama hiyo haiji kila Jumatano jioni. Siku nyingi Mungu na familia yako wanataka kitu kile kile kutoka kwako. Paulo hakumung'unya maneno: asiyewatunza walio wake, yaani wale wa nyumbani mwake hasa, "ameikana Imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini" (1 Timotheo 5:8). Kwa hiyo anayeamka usiku kumbeba mtoto mwenye homa hajamweka Mungu pembeni. "Mungu kwanza" inaingia kazini pale ndugu yako wa damu anapotaka umtilie saini uongo, pale mwanao anapoharibu mali ya kanisa na wewe ndiye mwenyekiti, pale mama anapotaka umdharau mkeo ili yeye afurahi, pale mwenzi wako anapokwambia wenzako wote wanachukua rushwa, wewe nani? Hapo ndipo utajulikana unamwabudu nani. Nionyesheni familia mnayoipenda na mara ya mwisho mliyoiambia "hapana" kwa ajili ya Mungu. Halafu nionyesheni kanisa mnalolipenda na mara ya mwisho mliyoliambia "hapana, leo nipo nyumbani".

Karibuni.

#2

Umenena, mkuu. Navuta kiti.

#3

Mleta uzi, umeandika vizuri ila umeruka Luka 14:26. Yesu kasema asiyemchukia baba, mama, mke, wana na ndugu zake hawezi kuwa mwanafunzi wake. Hakusema "siku zikigongana". Yakobo na Yohana walimwacha baba yao chomboni, hawakuomba likizo. Abrahamu hakuitisha kikao cha familia kabla ya kupanda mlima na Isaka. Tukianza kufundisha kwamba kubeba mtoto ni ibada, Jumapili ijayo kila mvivu atabaki kitandani aseme anaabudu na familia.

#4 (Mleta uzi)

Sikuiruka, mkuu, niliisubiri.

Wavivu walikuwepo kabla ya uzi huu, tuwaache. Luka 14:26 isome pamoja na Mathayo 10:37, ambako fundisho hilo hilo limesemwa hivi: "Apendaye baba au mama kuliko mimi, hanistahili." Tena Luka ameongeza "na hata nafsi yake mwenyewe", na hakuna Mkristo anayeelewa kwamba aache kula. Yesu anazungumzia nani mwenye neno la mwisho, na analisema kwa ukali makusudi kwa sababu alikuwa na makutano makubwa nyuma yake waliodhani safari ni nyepesi. Ukali huo sitaki kuupunguza. Wapo waliopoteza nyumba na ndugu kwa ajili yake, na Marko 10:29-30 inawataja.

Ila hao uliowaleta kama mashahidi, tuwahoji vizuri. Marko 1:20 inasema wana wa Zebedayo walimwacha baba yao chomboni pamoja na watu wa mshahara. Mzee hakuachwa peke yake na nyavu. Endelea kusoma mistari michache tu, 1:29-31: Yesu yuko nyumbani kwa Simoni, anamwinua mama mkwe wa Simoni aliyelala na homa. Huyu ndiye Simoni ambaye baadaye anasema, "Tumeacha vyote." Na miaka kadhaa mbele Paulo anawaandikia Wakorintho (9:5 ya waraka wa kwanza) kwamba Kefa, ndiye huyo Simoni Petro, anasafiri na mkewe. Aliacha vyote, mke akabaki naye.

Kuhusu Abrahamu, sauti iliyomwita ilikuwa ya Mungu mwenyewe, na ndiyo iliyouzuia mkono wake. Kikao cha maandalizi ya kongamano si Mlima Moria, tusikikuze.

Augustino wa Hippo, askofu na mwalimu wa kanisa aliyefariki mwaka 430, alilitazama jambo hili kama mpangilio wa upendo. Kwake shida haikuwa kupenda kitu chema sana. Shida ilikuwa kukipenda nje ya nafasi yake. Baba anayempenda mwanawe ndani ya Mungu hatalazimika kumpenda kidogo ili Mungu apate zaidi.

#5

Hapo kwa mkwe wa Simoni umenipata. Nimepita mstari huo maisha yangu yote.

#7

Shikamooni waliotangulia. Mimi ni mama, nimeokoka, mume wangu haendi kanisani. Si mtu mbaya, hanizuii. Ila kwa wiki natoka mara nne, ibada, maombi, kikundi cha wanawake na mafundisho, na juzi aliniambia kwa utulivu kabisa, "Huyo Yesu wako ameoa mke wa mtu." Niliumia nikadhani ni shetani anamtumia. Tangu nisome uzi huu sina uhakika tena kama ni shetani. Nifanyeje? Nikipunguza naogopa nitapoa.

#8 (Mleta uzi)

Marahaba, mama. Mimi sidhani ni shetani. Mtu anayekasirikia imani yako hutukana, hachomi kwa maneno ya mtu aliyekukosa. Huyo amekukumbuka.

Petro aliwaandikia wanawake walio katika hali yako. 1 Petro 3:1 inasema waume wasioliamini Neno wavutwe kwa mwenendo wa wake zao, pasipo lile Neno. Mwenendo anaouona yeye ni upi? Anakuona ukivaa na kutoka. Mafundisho mazuri unayoyapata huko hayasikii, na uso wako ukiwa unaomba hauoni. Anachoonja yeye katika wokovu wako ni kiti kitupu.

Paulo naye, kwenye 1 Wakorintho 7:5, hata kwa ajili ya sala aliweka masharti mawili kwa wenye ndoa: mpatane, na iwe kwa muda. Kupatana maana yake mwenzako alikubali. Kwa hiyo kaa naye, mweleze zile nne, muulize yeye zipi zinamuumiza. Nakutabiria hatagusa ibada ya Jumapili. Pengine atataka jioni mbili tu. Mpe kwa moyo mweupe, na ukiwa nyumbani uwepo kweli, usikae umeinamia simu kwenye kundi la maombi. Hiyo ya mwisho huwa inaudhi kuliko kutoka.

Kupoa si lazima. Danieli aliomba mara tatu kwa siku chumbani kwake.

#9

"Huyo Yesu wako ameoa mke wa mtu" 😂 Samahani mama, sikuchekei, lakini mzee ana kipaji. Mpe jioni zake.

#11

Mimi kinyume chake. Sote tunasali. Ibada ya changizo la ujenzi, mke wangu akasimama mbele akaahidi kiasi ambacho ndicho tulichokiweka kwa ajili ya karo ya watoto. Hakuniuliza. Nilipomfuata nyumbani akasema nadhiri haivunjwi, na mimi nisiwe Anania. Nimekaa kimya wiki mbili. Naomba andiko la kumnyamazisha.

#12 (Mleta uzi)

Andiko la kumnyamazisha sikupi, mkuu. Naona unaelekea Hesabu 30, pale mume anaposikia nadhiri ya mkewe siku ile na kuitangua. Ukiingia nyumbani na sura hiyo kama rungu utashinda hoja na kulala sebuleni. Na sura yenyewe inasema mume akinyamaza, nadhiri inasimama. Wewe umenyamaza wiki mbili!

Mpe Yefta, msome pamoja, Waamuzi 11. Mtu wa Mungu, Roho wa Bwana yuko juu yake, akaahidi kumtolea Bwana kitakachotoka mlangoni kumlaki akirudi kutoka vitani. Akatoka binti yake, mtoto wa pekee, na matari na kucheza. Aliyefungua kinywa ni baba. Aliyelipa ni binti. Mungu hakuiomba nadhiri ile. Hata wanazuoni wanabishana mpaka leo kama alimtoa kuwa sadaka kweli au alimweka wakfu abaki bikira. Vyovyote iwavyo, gharama ilimwangukia ambaye hakuulizwa. Karo ya watoto ni hivyo hivyo.

Kisha mrudi kwa Hana na Elkana niliowataja juu. Nadhiri ya Hana ilikuwa nzito kuliko ya ujenzi wowote, lakini mumewe alijua, akakubali, wakapanda pamoja siku ya kumpeleka mtoto. Nendeni wote wawili kwa mchungaji, semeni kiasi mnachoweza na lini. Mchungaji mwenye akili atafurahi. Na Anania, yule aliyeuza kiwanja akaficha sehemu ya fedha, hakufa kwa kutoa kidogo. Petro alimwambia wazi kwamba kiwanja kilikuwa chake na fedha zilikuwa chini ya uwezo wake (Matendo 5:4). Alikufa kwa kusema uongo.

#13

Mada hizi wachungaji wanazipenda sana. Mungu kwanza ikitafsiriwa kwa hesabu inakuwa ofisi yake kwanza.

#14 (Mleta uzi)

Wapo wa hivyo, sikatai. Wapo pia waumini wanaojificha kwa mchungaji ili wasiende nyumbani, wakijua kanisani watashangiliwa na nyumbani kuna vyombo. Yule mchungaji hata hajawaita.

#15

Habari zenu. Mimi nimezaliwa katika dini nyingine na nimempokea Yesu mtu mzima. Baba amesema nikibatizwa nisikanyage kwake. Mama analia kila akinipigia. Nyinyi mnazungumzia jioni za kwaya, mimi nazungumzia kuwapoteza. Kwangu orodha si nadharia.

#16 (Mleta uzi)

Pole sana ndugu yangu. Uko sahihi, hali yako ni nyingine, na yote niliyosema juu ya Mungu na familia kutaka kitu kile kile hayakuhusu wiki hii. Kwako vimegongana.

Nakuletea mtu aliyepita hapo. Perpetua, mwaka 203, mjini Karthago, Afrika ya Kaskazini, kijana wa miaka kama 22, mama wa mtoto anayenyonya. Alikamatwa akiwa bado anafundishwa imani, na maelezo ya siku zake gerezani yamehifadhiwa kwa maneno yake mwenyewe. Baba yake, asiye Mkristo, alimfuata mara kadhaa. Alimsihi aonee huruma mvi zake, akambusu mikono, akajitupa miguuni pake, na kwa machozi akamwita bibi, yaani mheshimiwa, badala ya binti. Perpetua hakukubali kukana. Lakini soma anavyomzungumzia: anamhurumia, anauhuzunikia uzee wake, na mzee alipopigwa fimbo mbele ya mtawala anasema iliuma kama amepigwa yeye. Hakumtukana, wala hakumwita adui wa Mungu. Kuhusu mwanawe alihangaika mpaka akaruhusiwa kukaa naye gerezani, na anasema tangu hapo gereza likawa kama jumba la kifalme. Huyo ndiye mtu aliyeiishi Luka 14:26, na ndani yake sioni chembe ya chuki.

Kwa hiyo hapana yako iwe moja tu, isiwe kumi. Usikatae salamu, usikatae kumsaidia baba akiugua, usianze kuwahubiria kila simu inapopigwa. Zipo shughuli za nyumbani utakazojiuliza kama kuhudhuria ni kukana. Naamani, jemadari wa Shamu, 2 Wafalme 5, aliuliza swali gumu kuliko hilo: bwana wake akiingia nyumba ya mungu wake Rimoni kuabudu, akimwegemea mkononi, naye atainama. Nabii Elisha hakumpa semina. Alimjibu, "Enenda kwa amani." Sisemi uiname. Nasema Mungu anajua tofauti kati ya kuabudu na kumshika mzee mkono.

Na ndugu za Yesu mwenyewe hawakumwamini, Yohana 7:5. Jamaa zake waliwahi kutoka kwenda kumkamata wakisema amerukwa na akili, Marko 3:21. Hao hao ndugu, pamoja na Mariamu, wako chumba cha juu wakisali katika Matendo 1:14. Mlango wa baba yako ukifungwa, wewe wa kwako usiufunge. Na tafuta kanisa ambalo watu wake watakula na wewe, si kukupigia makofi siku ya ubatizo tu na kukusahau.

#17

Ndugu wa #15, tunakuombea. Usiwe mbali na uzi huu.

#19

Mimi ni mtoto wa mchungaji, sasa nina watoto wangu. Baba yangu aliijua shida ya kila familia ya usharika wake. Yangu aliisikia kwa mama. Simchukii. Lakini kanisani siingii kwa furaha, naingia kama mtu anayemtembelea mke mwenza wa mama yake. Watumishi mnaosoma hapa mlijue hilo.

#20 (Mleta uzi)

Sina la kukufundisha hapo. Nitaongeza la mtu mmoja mkubwa ili watumishi wasidhani ni manung'uniko yako peke yako.

John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alioa mjane aitwaye Mary Vazeille mwaka 1751. Mwezi uliofuata aliandika kwamba haelewi mhubiri wa Kimethodisti atamjibu nini Mungu akihubiri hubiri moja pungufu au kusafiri siku moja pungufu kwa sababu ameoa. Alilishika neno lake. Ndoa ikawa mateso kwa wote wawili. Mke naye alikuwa na wivu mkali na alifungua barua zake, tuseme haki. Wakaachana bila talaka. Mke alipofariki Oktoba 1781, Wesley alifika London jioni ile ile ya mazishi na hakuambiwa mpaka siku moja au mbili baadaye. Ukristo una deni kubwa kwa mtu huyu, na mimi namheshimu, lakini kwenye hili hapana.

Na kinachonishangaza ni mama aliyemlea. Susanna Wesley, akiwa na nyumba iliyojaa watoto na mume aliyesafiri, aligawa jioni za wiki ili akae na kila mtoto peke yake kuzungumza habari za roho yake. Aliieleza ratiba hiyo katika barua ya mwaka 1712. Jioni ya Alhamisi ilikuwa ya John. Alipokuwa mtu mzima, John alimwandikia mama yake akimwomba sehemu ndogo ya ile jioni ya Alhamisi aliyokuwa akimpa zamani. Alijua kabisa kukaa na mtu mmoja nyumbani kunajenga nini. Alikumbuka kukiomba, hakukumbuka kukitoa.

Watumishi, chukueni Alhamisi moja. Simu mpeni mzee wa kanisa.

#21

Hiyo ya mke mwenza imenikaa kifuani. Mimi ni mchungaji. Nimeisoma mara mbili na kuizima simu.

#23

Naomba kuuliza kabla uzi haujafungwa. Namuuguza mama, hatembei. Tuko wawili tu nyumbani. Nilikuwa mwalimu wa Shule ya Jumapili na mwanakwaya, sasa naweza kukosa ibada mwezi mzima. Kiongozi mmoja aliniambia nimemweka mama mbele ya Mungu, na kwamba Mungu angetuma mtu kama ningetoka kwa imani. Nimekuwa nikigeuza maneno hayo usiku. Je, amekosea?

#24 (Mleta uzi)

Amekosea, dada. Tena ametumia Korbani ile ile ya Marko 7, kwa maneno ya kisasa.

Nitakupa shahidi ambaye hawezi kuitwa mlegevu. Thomas Aquinas, mwanateolojia mkubwa wa Kanisa Katoliki, alipojiunga na watawa wa Kidominiko, familia yake haikutaka. Mwaka 1244 ndugu zake walimkamata njiani, wakamrudisha, akazuiliwa kwenye ngome ya familia kwa muda wa kama mwaka mmoja. Hakubadilika, na mwishowe akaondoka kwenda kwenye wito wake. Kwa hiyo yupo mtu aliyelipa gharama ya kumweka Mungu mbele ya nyumba yake. Mtu huyo huyo, alipokuja kuandika kama inafaa kuwaacha wazazi ili uingie utawani, alisema kwamba wazazi wakiwa na uhitaji kiasi kwamba bila wewe hawawezi kutunzwa, hairuhusiwi kuwaacha. Kama hairuhusiwi kwa utawa, kwa kwaya je?

1 Timotheo 5:4 inasema watoto na wajukuu wa mjane wajifunze kwanza kuwatendea yapasayo watu wa nyumbani mwao na kuwalipa wazazi, kwa maana hilo lakubalika mbele za Mungu. Neno "kwanza" limo humo ndani, mwonyeshe kiongozi wako. Na Yesu akiwa msalabani, katikati ya kazi aliyokuja kuifanya, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, na tangu saa ile mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake.

Lakini sikiliza na upande huu, maana nisingependa nikufariji tu. Kumtunza mama hakukuzuii kuhitaji watu wa Mungu. Uchovu wa kuuguza hukausha, na mtu aliyekauka huanza kumkasirikia mgonjwa kisha kujichukia kwa hilo. Mwambie mchungaji mwenyewe, usipitie kwa yule kiongozi: kwamba unahitaji mtu wa kukaa na mama Jumapili mbili kwa mwezi ili uende ibadani, na kwamba mama naye ni muumini anayehitaji kuletewa Meza ya Bwana nyumbani. Taja siku na saa. Kwaya inaweza kuja kwenu wakafanya mazoezi sebuleni mara moja, mama akasikia. Wakikosa watu wawili wa kukupokea kati ya kanisa zima, basi aliyemweka Mungu nyuma si wewe.

#25

Dada wa #23, kama mchungaji wako hatajibu ndani ya wiki hii, rudi hapa utuambie. Nina mama mkwe aliyelala miaka, najua zamu zinavyopangwa. Anza na kuandika kwenye karatasi saa mama anazolala na dawa zake, atakayekuja asikuulize ulize kila dakika.